Kiti cha Mtu wa Nne



Njoo usimame nami kidogo Dadar, jijini Mumbai, saa kumi na mbili jioni. Hapa ndipo njia mbili kubwa za treni za mjini zinapokutana, ile ya Magharibi na ile ya Kati. Nje ya stesheni kuna soko la maua, na watu wanatoka huko wamebeba mafungu ya maua ya manjano kwa ajili ya ibada za nyumbani. Kwenye jukwaa la stesheni umati umesimama safu nyuma ya safu, nyuso zote zimeelekea upande mmoja. Ubao wa taa unataja treni ijayo: inaishia wapi, ni ya haraka au ni ile inayosimama kila kituo, ina mabehewa 12 au 15. Mwenyeji anautupia jicho mara moja, anasogea hatua chache, kisha anatulia. Anajua mlango wa behewa lake utasimama hapo.

Treni inaingia. Kabla haijatulia, walio ndani wanaruka kushuka na walio chini wanadandia. Haitakaa hata dakika nzima. Sasa mtazame yule kijana aliyevaa begi lake kifuani, kama wafanyavyo wengi huko ili lisiwasumbue wenzao. Yuko nyuma kabisa ya kundi. Anasihi: sogeeni ndani, ndugu zangu, nafasi ipo, nafasi ipo! Mguu mmoja unapata pa kukanyaga, mkono unashika nguzo ya mlangoni, mtu asiyemjua anamvuta begani, na treni inaondoka naye.

Baada ya muda mfupi treni inafika Bandra. Watu wamejaa tena pale chini. Na kijana wetu, ambaye sasa ndiye wa kwanza mlangoni, anawainulia kiganja: hakuna nafasi, pandeni inayofuata.

Ni nini kilichobadilika kati ya Dadar na Bandra? Behewa ni lilelile, halikupungua hata inchi moja. Wale walio chini wana haraka ileile aliyokuwa nayo yeye muda si mrefu uliopita, na nyumbani kwao kuna watoto wanaongoja vilevile. Ukikaa naye ukazungumza naye utamkuta ni kijana mwema, anayemtumia mama yake fedha kila mwisho wa mwezi. Lakini amekwisha kuingia, na aliyekwisha kuingia husahau upesi sana jinsi kulivyo nje.

Ningependa tutembee na jambo hili wiki hii, taratibu, bila kulaumiana.

Mji wenyewe kwanza, maana huwezi kuuelewa moyo wa abiria wa Mumbai kama huoni anachopitia. Treni ya kwanza ya abiria nchini India iliondoka Bori Bunder, katika mji huu, tarehe 16 Aprili 1853, ikaenda Thane, umbali wa kilomita 34. Tangu wakati huo Mumbai imekua kwa kufuata reli. Mji uko juu ya ardhi nyembamba iliyoingia baharini, ofisi nyingi za zamani ziko ncha ya kusini, na watu wenye kipato cha kawaida wamezidi kusukumwa kaskazini, mbali na kazi zao. Asubuhi umati unashuka kusini, jioni unapanda kaskazini. Kutoka Churchgate, kusini, hadi Virar, kaskazini, ni kilomita 60 hivi, na wapo wanaosafiri hivyo kwenda na kurudi miaka yote ya kazi yao. Treni hizi hubeba takriban abiria milioni 7 kwa siku. Katika saa za msongamano, eneo la mita moja ya mraba husimamiwa na watu 14 hadi 16. Jaribu kupima mita moja ya mraba sakafuni kwako, mpendwa, kisha uwasimamishe hapo kwa mawazo.

Tena njia hii inaua. Kwa miaka mingi watu zaidi ya 2,000 wamekuwa wakifa kila mwaka kwenye reli za mjini humo, wengine wakivuka njia, wengine wakianguka kutoka milangoni walikokuwa wakining'inia. Mwezi Juni 2025, karibu na Mumbra, abiria kadhaa waliokuwa mlangoni walianguka na kufa asubuhi moja wakienda kazini. Kwa hiyo anayeng'ang'ania nafasi ndani ya behewa anapigania jambo zito. Naomba tuwe na huruma tunapomtazama.

Hata wale wanaoziba mlango wana sababu zao. Imezoeleka kwenye treni za Virar kwamba abiria wa mbali huwakatalia wale wanaoshuka njiani, hasa wa Borivali. Hoja yao ni kwamba watu wa Borivali wana treni zao, waziache hizi chache kwa wale wanaokwenda mbali. Ukiwasikiliza, utaona hoja hiyo haikukosa ukweli. Mtu amesimama tangu kusini mwa mji, miguu imevimba, na bado ana mwendo mrefu mbele. Unamwambiaje asogee?

Moyo uliofungwa mara nyingi una sababu nzuri. Wewe na mimi tunaijua hali hiyo. Dada yako alikusema vibaya mbele ya wakwe. Kaka yako aliuza shamba la baba bila kukuuliza. Rafiki yako uliyemkopesha ada ya mwanawe alibadilisha namba ya simu. Ukieleza kwa nini umefunga mlango, kila anayekusikia ataitikia kwa kichwa na kusema, una haki. Nami nasema hivyo hivyo: una haki. Je, inawezekana mtu awe na haki na bado mlango aliouziba uwe unamzuia mtu ambaye Bwana anataka aingie?

Fungua Injili ya Marko, sura ya pili. Yesu yuko Kapernaumu, ndani ya nyumba, anafundisha. Watu wamekusanyika hata hakuna nafasi tena, hata pale mlangoni. Wanaume wanne wanamleta mwenzao aliyepooza, wamembeba. Wanafika, wanakuta migongo. Tumezoea kuwasifu hao wanne kwa kupanda juu na kulifungua paa, na wanastahili sifa hiyo. Leo nataka tukae kidogo na waliokuwa mlangoni.

Walikuwa watu gani? Walikuja kumsikiliza Bwana. Walifika mapema. Huenda walitoka mbali, walisimama muda mrefu, na kila mmoja alikuwa na haja yake moyoni. Hakuna mahali Marko anaposema walikuwa wabaya. Walikuwa wamemwelekea Yesu, na kwa sababu hiyo hiyo migongo yao ilimwelekea mgonjwa. Inawezekana kabisa kuwa karibu na Neno, kulisikia vizuri, hata kulipenda, na papo hapo kuwa ndiye unayemzuia mwingine asilifikie. Je, hili halitugusi sisi tuliozoea viti vya mbele kanisani?

Na angalia jambo la kwanza Bwana analomwambia yule mgonjwa akishateremshwa. Hamwambii habari za miguu yake. Anamwambia kwamba dhambi zake zimesamehewa. Pale, katikati ya chumba kilichojaa, mtu aliyekosa nafasi mlangoni anapewa nafasi mbele za Mungu. Miguu inakuja baadaye. Anainuka, anachukua mkeka wake, anatoka mbele ya watu wote. Nimekuwa nikiwaza jinsi alivyotoka. Marko hasemi kwamba alirudi kupitia paa. Basi alipita mlangoni, katikati ya watu walewale, naye amebeba mkeka. Safari hii walisogea. Nafasi ilipatikana. Watu hawakupungua, na nyumba haikupanuliwa.

Sasa turudi ndani ya behewa, maana kuna desturi huko ambayo imenifundisha juu ya msamaha.

Madawati ya daraja la pili kwenye treni hizi yametengenezwa kwa watu watatu. Lakini ukiingia katika saa za kawaida utaona wamekaa wanne. Hakuna sheria ya shirika la reli inayosema hivyo. Abiria wenyewe wamepatana, vizazi kwa vizazi: akija wa nne akagusa bega la yule wa pembeni, au akaashiria tu kwa mkono, watatu wanabanana kidogo, naye anakaa. Anapata pembe tu. Paja moja liko juu ya benchi, mguu mwingine uko njiani, na treni ikipiga kona anashikilia asidondoke. Ila amekaa. Baada ya siku nzima ya kusimama, pembe ya benchi ni neema.

Kisha yule wa dirishani anashuka, Andheri labda. Wote wanasogea. Wa nne sasa amekuwa wa tatu, ana kiti kizima. Mara anafika mgeni mwingine, anamgusa bega. Na huyu aliyekuwa amekaa nusu paja kwa vituo vitano, anasogea.

Huko pia utasikia watu wakiulizana swali moja mara kwa mara: unashukia wapi? Mgeni anaweza kudhani ni udadisi. Ni namna ya kuomba kiti kabla hakijaachwa wazi. Aliyesimama anapatana na aliyekaa, na neno likishatoka, wengine huliheshimu. Kwenye mabehewa mengine, watu wanaosafiri pamoja kila siku hupeana zamu: wewe kaa nusu ya njia, mimi nusu iliyobaki. Wamekuwa marafiki kwa sababu ya treni ya saa fulani. Wanaimba nyimbo zao za ibada, wanasherehekea siku ya kuzaliwa ya mwenzao, na sikukuu ya Dussehra ikikaribia hulipamba behewa lao kwa maua. Kwenye mabehewa ya wanawake jioni, utakuta mama anamenya mboga za chakula cha usiku huku jirani yake anamshikia mfuko.

Tunapousikia msamaha, mara nyingi tunadhani tunatakiwa kumpa aliyetukosea benchi lote kwa siku moja, tusimame sisi. Ndiyo maana tunakata tamaa hata kabla ya kuanza. Tunasema, siwezi kumpenda yule kama zamani. Sawa, huwezi leo. Je, unaweza kusogea kidogo? Unaweza kumpa pembe? Pengine pembe hiyo ni kulitaja jina lake katika sala bila kuongeza mashitaka. Pengine ni kumwitikia salamu msibani. Pengine ni kuacha kusimulia kisa chake kila mgeni anapofika nyumbani. Mungu hadharau pembe ya benchi. Petro alipotaka kujua idadi, asamehe mara ngapi, Bwana alimpa hesabu kubwa kiasi kwamba hakuna anayeweza kuishika kichwani. Naona alikuwa anamwambia kwamba bega lake litaguswa tena kesho, na kesho kutwa, na kila mara atahitaji kusogea upya.

Lazima niseme neno hapa kwa ajili ya wengine miongoni mwenu, hasa kina mama na mabinti. Kwenye kila treni ya Mumbai kuna mabehewa ya wanawake peke yao. Mwaka 1992 ilianzishwa hata treni nzima ya wanawake pekee kati ya Churchgate na Borivali, na usiku polisi huwekwa kwenye mabehewa yao. Sababu tunaijua wote: katika msongamano ule kuna mikono isiyo na heshima. Hakuna mwenye akili anayewaambia wanawake hao kwamba kwa kuwa na behewa lao wamekosa upendo. Basi nawe, kama umepigwa, kama umedhalilishwa na mtu ambaye mpaka leo hajageuka, kumsamehe hakukudai urudi chini ya mkono wake. Unaweza kumwachilia moyoni mbele za Mungu na bado ukafunga mlango wa nyumba. Kama kuna mtu aliyekuambia vinginevyo kwa jina la dini, naomba leo upumzike kutoka kwenye mzigo huo.

Jiji hilo lina njia nyingine pia za kusafiri. Kuna teksi, kuna magari ya kuitwa kwa simu, kuna bajaji za rangi nyeusi na manjano ambazo haziruhusiwi kuingia sehemu ya kusini ya mji. Kuna mabasi mekundu ya shirika la BEST, na tangu mwaka 2014 kuna metro inayoongezwa njia mwaka hadi mwaka. Kuna daraja refu la juu ya bahari kati ya Bandra na Worli, lililofunguliwa mwaka 2009, ambalo bajaji na pikipiki hazikanyagi. Na kuna magari binafsi, maelfu kwa maelfu, yamesimama kwenye foleni na vioo vimepandishwa. Ikiwa umewahi kwenda Mumbai kumsindikiza mgonjwa, kama zilivyofanya familia nyingi za Tanzania na Kenya, unaijua foleni hiyo. Gari ni jambo jema kwa mgonjwa. Simlaumu anayelipanda, na sidhani kwamba treni humfanya mtu awe mtakatifu.

Ila kioo kilichopandishwa kina hatari yake. Anayekaa nyuma yake kwa muda mrefu anaanza kuuona mji wote kuwa kizuizi. Waliomo njiani hawana tena majina wala bega la kugusa. Tunaweza kuishi hivyo hata kama hatuna gari: tumejitengenezea nafasi yetu, ibada yetu, watu wetu wachache, na hatuguswi na yeyote. Kunakuwa kimya, tunadhani ni amani.

Tarehe 26 Julai 2005 mvua ilinyesha Mumbai kwa namna ambayo watu hawajaisahau. Katika eneo la Santacruz zilipimwa milimita 944 kwa saa 24. Reli zilizama, treni zikasimama njiani, barabara zikawa mito. Mamia ya watu walipoteza maisha, na wapo waliofia ndani ya magari yao, vioo vimefungwa, umeme wa gari umekatika. Walionusurika walitembea. Karani, meneja, mwanafunzi na mfagiaji walitembea usiku kucha kwenye maji ya kiunoni, wameshikana mikono ili asije mtu akatumbukia kwenye shimo lisiloonekana. Na kando ya njia, watu wa mji walitoka. Walisimama na chai, biskuti na maji ya kunywa. Walifungua nyumba zao kwa wageni wasiowajua kwa jina wala kwa dini, wakawapa nguo kavu na mahali pa kulala. Wengi waliotoa walikuwa na chumba kimoja tu.

Nasoma habari hizo na kujiuliza: watu hawa ni akina nani? Ni walewale wa Bandra na Borivali. Viganja vilivyowazuia wengine mlangoni, na mikono iliyopokezana chai gizani, ni vya watu wale wale. Hii inanipa matumaini makubwa juu yako, msomaji wangu, na juu ya yule unayemwona ana moyo mgumu. Usimkadirie mtu kwa namna alivyokuwa saa kumi na mbili jioni akiwa amechoka. Ndani yake kuna nyumba ambayo inaweza kufunguka.

Hata hivyo gharika huja mara moja katika maisha, na upendo mwingi tunaodaiwa ni wa Jumanne ya kawaida. Kwa habari ya Jumanne ya kawaida, watazame wabeba chakula wa Mumbai, wanaoitwa dabbawala. Kazi yao ilianza mwaka 1890 hivi. Wengi wanatoka vijiji vya upande wa Pune, na wengi hawakusoma sana. Asubuhi hupita nyumba kwa nyumba kukusanya mikebe ya chakula kilichopikwa na mke au mama, huifunga kwenye baiskeli, huipeleka stesheni, na kuipanga kwa alama za rangi, herufi na tarakimu zilizochorwa juu ya kifuniko. Kisha huingia na makreti marefu kichwani kwenye behewa la mizigo, pamoja na wauza samaki. Mkebe mmoja hupita mikononi mwa watu kadhaa kabla haujafika mezani kwa mwenyewe, chakula kikiwa bado na joto. Alasiri mkebe mtupu unarudi nyumbani kwa njia ileile. Mwaka 2020, ofisi zilipofungwa kwa sababu ya korona, wengi wao walikosa kazi na kurudi kijijini, na idadi yao ilipungua sana. Waliobaki wanaendelea.

Hakuna anayewapigia makofi jukwaani. Mlaji hamjui aliyeubeba mkebe kutoka mlangoni kwake, na aliyeubeba hajui ndani kuna dengu au kuna samaki. Anajua tu kwamba kuna mtu alipika akimfikiria mwingine, na kwamba yeye amekabidhiwa kipande kimoja cha njia kati ya hao wawili. Je, sehemu kubwa ya utii wetu si hiyo? Kumwamsha mtoto kwa upole. Kumnunulia baba dawa zake za presha kabla hazijaisha. Kutorudisha neno kali. Unaubeba upendo wa Mungu kipande kidogo cha njia, unamkabidhi mwingine, na huenda usione mwisho wake.

Jambo moja zaidi kuhusu treni hizo, kisha nikuache. Zina sehemu ndogo iliyotengwa kwa watu wenye ulemavu, kina mama wajawazito, na wagonjwa wa saratani. Pale Parel, mwendo mfupi kutoka Dadar, kuna hospitali ya Tata Memorial, iliyofunguliwa mwaka 1941, na wagonjwa wa saratani huifikia kutoka kila pembe ya India. Baadhi ya familia hulala kando ya barabara nje ya hospitali wakingoja zamu. Katikati ya behewa ambamo watu 16 hugombania mita moja ya mraba, kuna watu walioamua kwamba mgonjwa atoke kwenye matibabu yake na akute kiti. Nafasi hiyo ilitengwa kabla hajafika, wala haikungoja mpaka behewa liwe tupu.

Katika nyumba yako, nafasi kama hiyo ungemtengea nani? Nadhani jina limekwisha kukujia. Huenda limekujia tangu mwanzo, nawe ukaendelea kusoma upesi ili likupite.

Wiki hii mpigie simu. Chagua saa ambayo hujachoka, wala usipige usiku baada ya kugombana na mtu mwingine. Usianze na lile jambo lenu. Msalimie kama ulivyokuwa ukimsalimia siku zile, umwulize watoto wanaendeleaje na kama mvua zimefika kwao. Asipopokea, mtumie ujumbe mfupi wa salamu. Asipojibu, usimhesabie; siku tatu nne zikipita, piga tena. Akipokea na sauti yake ikawa baridi, mvumilie, kwa maana hata yeye alikuwa amekaa pembeni muda mrefu. Yakiisha mazungumzo, andika jina lake kwenye karatasi uiweke ndani ya Biblia yako, pale Marko sura ya pili, na kesho yake asubuhi umwombee kwa jina kabla ya kuomba jambo lako lolote.

Nami nitakuwa nikikuombea wewe.

Wako katika Bwana.